Kompyuta inapokwama kwenye initramfs: kuunda upya faili la kuwashia bila kufuta diski

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka dogo la stationery hapa Kirumba, Mwanza, ambako ninachapa barua, ninatoa kopi na kutunza hesabu za vikundi viwili vya kuweka na kukopa. Kompyuta yangu yenye Debian iliungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, lakini diski ilisalimika. Nilinunua kompyuta nyingine iliyotumika, nikahamishia diski ileile. Sasa ninapoiwasha menyu inatokea kama kawaida, kisha yanakuja maandishi yanayoanza na ALERT! yakisema kwamba UUID fulani ndefu haipo, halafu mashine inabaki kwenye neno initramfs lililo ndani ya mabano. Fundi mmoja amesema diski imekufa, nikubali kuifomati. Mwaka jana sehemu ya /boot ilijaa, na fundi mwingine alibadilisha kitu ili mafaili yake yawe madogo. Je, kazi zangu zimepotea? Hiyo initramfs ni kitu gani, na ninaweza kuitengeneza upya mwenyewe?

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, usiifomati diski hiyo, na usimpe mtu yeyote aifomati. Maelezo uliyoyaandika yanatosha kuonyesha kwamba haijafa. Ili menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, ionekane, na ili kerneli, yaani kiini cha Linux, ipakiwe mpaka ianze kuandika maneno yake kwenye skrini, ilibidi GRUB isome mafaili mawili kutoka katika /boot, na /boot hiyo imo ndani ya diski unayoambiwa imekufa. Kwa hiyo kebo ni nzima, diski inasomeka, na BIOS, programu ya kwanza ya ubao mama, inaiona. Asiyeiona ni kerneli peke yake, kwa sababu GRUB huazima macho ya BIOS, ilhali kerneli ikishashika usukani huyaacha macho hayo na kutumia draiva zake yenyewe.

Draiva nyingi za kerneli ya Debian hazimo ndani ya kerneli. Zimewekwa pembeni kama moduli, katika saraka ya /lib/modules, na saraka hiyo imo ndani ya patisheni ya mzizi, yaani sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe. Hapo ndipo penye fumbo: ili patisheni ya mzizi ifunguliwe inahitajika draiva ya kidhibiti cha diski pamoja na draiva ya mfumo wa faili, na draiva hizo zimehifadhiwa ndani ya patisheni hiyohiyo, mithili ya ufunguo wa sanduku uliofungiwa sandukuni. Fumbo hilo hutatuliwa kwa faili la pili ambalo GRUB hulipakia kwenye kumbukumbu sambamba na kerneli. Ndani ya faili hilo mna mfumo mdogo kamili: programu chache, draiva zilizochaguliwa, na hati moja ya amri inayoitwa init, ambayo kerneli huiendesha kabla ya kitu kingine chochote. Hati hiyo hupakia moduli, husubiri diski ionekane, hukagua mfumo wa faili, huufungua mzizi halisi, kisha hufuta yaliyokuwamo katika kumbukumbu na kukabidhi kazi kwa init ya kweli, ambayo katika Debian ya sasa ni systemd. Wewe unayekaa karibu na mwalo unajua kazi ya mtumbwi unaowapeleka abiria kwenye chombo kikubwa kisichoweza kusogea ufukweni. Faili hili ndilo mtumbwi huo, na kompyuta yako imebaki ndani ya mtumbwi kwa sababu chombo hakikuonekana. Lile neno kwenye mabano ni sehemu ya kuandikia amri ambayo mtumbwi umekuachia ili ujitafutie njia.

Kuhusu majina, yasikuchanganye. Njia ya kwanza iliitwa initrd, na maelezo yake ya awali yaliandikwa mwaka 1996 na Werner Almesberger na Hans Lermen. Hiyo ilikuwa diski ya bandia hasa, yenye ukubwa uliopangwa na mfumo wa faili wake, iliyowekwa ndani ya kumbukumbu. Tangu kerneli 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ipo njia nyepesi zaidi inayoitwa initramfs: si diski tena, ni mafaili yaliyofungashwa pamoja kwa muundo wa cpio na kubanwa, ambayo kerneli huyafungua moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Debian bado huliita faili lenyewe initrd.img kwa mazoea, ingawa ndani mna initramfs. Mimi nitaliita faili la kuwashia.

Kabla ya kuunda chochote, tumia dakika tano hapohapo ulipokwama, maana mafundi wengi huruka hatua hii na kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Andika:

cat /proc/partitions

Ikiwa orodha haina sda wala nvme0n1, kerneli haina draiva ya kuiona diski, na kosa limo ndani ya faili la kuwashia au katika mpangilio wa BIOS. Ikiwa diski na patisheni zake zimo, draiva ipo, na hapo linganisha amri hizi mbili:

cat /proc/cmdline
blkid

Ya kwanza itakuonyesha, baada ya neno root=, UUID, yaani namba ya utambulisho wa patisheni, ambayo GRUB imeiagiza kerneli iitafute; ya pili itakuonyesha UUID zilizopo kweli. Zikitofautiana, kuna mtu aliyefomati patisheni au aliyenakili diski, na kuunda upya faili la kuwashia peke yake hakutasaidia mpaka orodha ya GRUB na faili la /etc/fstab virekebishwe. Zikilingana, huenda diski ilichelewa tu kuamka, jambo la kawaida kwa diski iliyo kwenye kasha la USB; andika exit uone kama mashine itaendelea, na ikiwa inakwama hivyo kila siku, ongeza rootdelay=10 kwenye mstari wa kerneli. Hali ya nne hutambulika kwa maneno tofauti na yako: ujumbe unaokutaka uendeshe fsck kwa mkono. Hiyo ni kazi ya kukarabati mfumo wa faili uliojeruhiwa na umeme kukatika, na ifanywe baada ya kunakili data.

Ikitokea kibodi ya USB haiitikii kabisa hapo ulipokwama, usidhani mashine imeganda. Huenda draiva ya kibodi nayo haikuwekwa ndani ya faili, na hiyo itakuwa dalili nyingine ya ugonjwa uleule ninaoushuku.

Ninachokishuku ni kile alichobadilisha fundi wa mwaka jana. Programu inayounda faili la kuwashia katika Debian inaitwa initramfs-tools, na mpangilio wake mkuu ni neno MODULES. Likiandikwa most, ambalo ndilo chaguo la kawaida, programu hufungasha draiva za takribani kila kidhibiti cha diski na mifumo ya faili inayotumika sana, ndiyo maana diski ya Debian kwa kawaida huhama kutoka mashine hadi mashine bila ugomvi. Likiandikwa dep, programu hutazama mashine iliyo mbele yake wakati huo, huchukua draiva zinazotumika hapo tu, na faili hupungua sana. Kwa /boot iliyojaa hilo linaonekana kama dawa, lakini ni nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mwili mmoja. Kama kompyuta iliyoungua ilikuwa ya zamani na ilisoma diski kwa njia ya IDE, faili lake lilibeba moduli ya ata_piix. Kompyuta mpya inasoma kwa AHCI, njia ya kisasa zaidi ya kusoma diski, inataka moduli ya ahci, na moduli hiyo haikuwekwa. Kwa maoni yangu, dep haifai kwenye mashine ya biashara ambayo siku moja itaharibika na diski yake itahamishwa. Dawa ya /boot iliyojaa ni kuondoa kerneli za zamani.

Sasa matengenezo. Utahitaji flashi yenye Debian ya kuendeshea moja kwa moja bila kusakinisha, ya aina ya amd64 kama mfumo wako ni wa biti 64. Itakula bando kiasi, basi chagua toleo dogo lisilo na madirisha mengi, au mwombe jirani mwenye intaneti ya kudumu. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, kisha angalia patisheni zako:

lsblk -f

Mifano ifuatayo inachukulia kwamba /boot ni sda1 na mzizi ni sda2; ukiwa na majina mengine, badilisha. Jambo la kwanza, kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni kufungua mzizi kwa kusoma tu na kunakili saraka ya /home kwenye diski ya nje. Hesabu za vikundi ni fedha za watu, na hakuna ukarabati unaostahili kuanza kabla hazijawa mahali pawili.

sudo mount -o ro /dev/sda2 /mnt

Ukishanakili na kuhakiki kwamba nakala zinafunguka, andika sudo umount /mnt, kisha ufungue tena kwa kuandika na kuingia ndani ya mfumo wako kwa amri ya chroot:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot
for d in dev proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Mstari wa pili ndio unaosahaulika kuliko yote. Usipoiambatisha /boot, faili jipya litaandikwa kwenye saraka tupu iliyo ndani ya mzizi, amri itamalizika bila kulalamika, utawasha mashine kwa furaha, na GRUB itapakia faili lilelile la zamani. Ikiwa diski yako ilisakinishwa kwa LVM, njia ya kugawa diski kwa mafungu yanayoweza kubadilishwa ukubwa, tangulia na vgchange -ay. Ikiwa imefungwa kwa nenosiri, ifungue kwa cryptsetup ukitumia jina lilelile lililoandikwa katika /etc/crypttab.

Ukiwa ndani, fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf na uandike MODULES=most. Usiishie hapo. Kisakinishi cha Debian, mtu anapochagua draiva za mashine husika tu, huandika uchaguzi huo katika faili jingine, /etc/initramfs-tools/conf.d/driver-policy, na yaliyo katika saraka ya conf.d hushinda yaliyo katika faili kuu. Nimeshaona mtu akibadilisha faili kuu mara tatu na kuapa kwamba Debian ina mdudu, kumbe mstari uliokuwa ukimpinga ulikuwa saraka moja chini yake. Tafuta kote kwa mpigo mmoja:

grep -r MODULES= /etc/initramfs-tools/

Kisha angalia nafasi kwa df -h /boot. Faili la most ni kubwa kuliko la dep, na wakati wa kuunda, programu huandika faili jipya kando kabla ya kuondoa la zamani, hivyo nafasi inayohitajika kwa muda ni ya yote mawili. Nafasi ikikosekana utaona maneno No space left on device. Orodhesha kerneli zilizosakinishwa kwa dpkg -l 'linux-image-*', ubaki na mbili za karibuni, na nyingine uziondoe kwa apt purge. Usifute mafaili ya /boot kwa rm, kwa sababu apt haitajua na itayadai baadaye. Baada ya hapo:

update-initramfs -u -k all

Maneno -k all si pambo. Kila faili la kuwashia hufungamana na kerneli ya toleo moja, kwa kuwa moduli za toleo moja hazikubaliwi na toleo jingine, na GRUB inaweza kuwa imeelekezwa kwenye toleo usilolitarajia. Tahadhari hii nililipia nauli. Nilikuwa Nansio, Ukerewe, nikitengeneza mashine ya mteja mmoja, nikaandika amri niliyoizoea, yenye uname -r ndani yake ili nisitaje toleo kwa mkono. Nilisahau kwamba ndani ya chroot amri ya uname inataja kerneli inayoendeshwa wakati huo, yaani ile ya flashi, wala si ile iliyomo kwenye diski. Faili likaundwa kwa toleo ambalo mashine hiyo haikuwa nalo, na faili bovu likabaki palepale. Niliposhtuka feri ya kurudi Mwanza ilikuwa imekwisha kuondoka. Tangu siku hiyo hutazama ls /lib/modules kwanza, na toleo likiwa halina faili kabisa ndipo hutumia -c badala ya -u, nikitaja toleo kwa herufi.

Usiwashe mashine kwa kubahatisha, kagua ulichokiunda:

for f in /boot/initrd.img-*; do echo $f; lsinitramfs $f | grep -E 'ahci|nvme|ext4'; done

Chini ya kila faili unapaswa kuona njia zinazoishia na ahci.ko, nvme.ko na ext4.ko, pengine zikiwa na kiambishi cha kubanwa mwishoni. Ukitaka kuona yote kwa macho, tumia unmkinitramfs, wala usijaribu kulifungua kwa cpio moja kwa moja. Kwenye mashine nyingi za Intel na AMD, mwanzoni mwa faili huwekwa fungu dogo lisilobanwa lenye marekebisho ya kichakato, na sehemu yenyewe iliyobanwa hufuata nyuma yake. Anayefungua kwa cpio huona fungu la kwanza tu na kudhani faili limeharibika. Ukiridhika, toka kwa exit, kisha sync, sudo umount -R /mnt, na uwashe upya. Majina ya mafaili hayakubadilika, kwa hiyo GRUB haihitaji kuguswa, isipokuwa kama uliondoa kerneli, na hapo apt yenyewe huisasisha.

Kwa atakayesoma haya akitumia Fedora, kazi hiyo hufanywa na dracut, ambayo kwa kawaida huunda faili la mashine husika tu, lakini Fedora huhifadhi pia chaguo la uokoaji kwenye menyu lenye draiva za jumla; washa kwa hilo, kisha uendeshe dracut --force --regenerate-all --no-hostonly. Kwa Arch ni mkinitcpio -P, baada ya kuondoa neno autodetect katika mstari wa HOOKS.

Umeuliza pia kama unaweza kulitengeneza mwenyewe, na nadhani ulimaanisha kutoka sifuri. Unaweza, na ni jioni moja ya kujifunza, ingawa faili hilo halitachukua nafasi ya lile la Debian. Sakinisha busybox-static, kisha katika saraka tupu:

mkdir -p bin proc sys dev
cp /bin/busybox bin/

Unda faili liitwalo init lenye mistari hii:

#!/bin/busybox sh
/bin/busybox --install -s /bin
mount -t proc proc /proc
mount -t sysfs sysfs /sys
mount -t devtmpfs dev /dev
exec sh

Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x init, na ukiwa bado ndani ya saraka hiyo lifungashe:

find . | cpio -o -H newc | gzip > ../jaribio.img

Makosa ya kazi hii ni machache na yanajirudia. Ukisahau chmod, kerneli itaiona init lakini itashindwa kuiendesha, na utapata Kernel panic yenye maneno No working init found. Ukisahau -H newc, cpio itatumia muundo mwingine ambao kerneli haiukubali. Muundo sahihi huanza na tarakimu 070701. Ukiendesha find kutoka saraka ya juu, kila kitu kitakaa ngazi moja chini ya kinapotakiwa, na init haitapatikana. Na ukichukua busybox ya kawaida badala ya ile isiyotegemea maktaba, utaambiwa init imeshindwa kuendeshwa, kwa kuwa maktaba za busybox hukuzifungasha. Lijaribu ndani ya kompyuta ya bandia, usiliweke kwenye mashine ya duka:

qemu-system-x86_64 -m 512 -kernel /boot/vmlinuz-TOLEO -initrd ../jaribio.img -append "console=ttyS0" -nographic

Badala ya TOLEO andika toleo la kerneli yako. Ukipata alama ya kusubiri amri, umeiwasha Linux kwa mtumbwi uliouchonga mwenyewe, na utakuwa umeelewa kwamba lile neno lililokutisha halikuwa na maajabu.

Nirudi dukani kwako. Ikiwa umeshaunda upya faili, lsinitramfs inaonyesha ahci.ko imo, na bado /proc/partitions haina diski, basi ingia kwenye BIOS utafute mpangilio wa SATA, yaani wa jinsi diski inavyounganishwa na ubao mama. Kwenye kompyuta nyingi za ofisini mpangilio huo huweza kuwekwa RAID, hali inayoweza kuificha diski nyuma ya kidhibiti ambacho kerneli haikitambui. Ukiukuta hivyo, uweke AHCI. Angalia na saa iliyomo humo. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ya ubao mama, ile bapa ya CR2032 yenye volti 3, imekwisha, na kila umeme ukikatika mpangilio wa BIOS utarudi ulivyotoka kiwandani. Nunua betri hiyo kwanza, uibadilishe mashine ikiwa imechomolewa ukutani, ndipo uweke AHCI na kuhifadhi.